Mkuu uliyeuliza kutoka Mbeya, usilipie hizo bastola za CO2

Kama hujatuma hela, usitume. Kama umeshatuma, mpigie huyo muuzaji sasa hivi kabla mzigo haujapanda basi.

Nimesoma swali lako lote. Una vijana wanane wa miaka 12 hadi 17 hapo Mbeya, unataka wajifunze kulenga shabaha kwa bastola za upepo ili baadaye washindane, na kuna mtu wa Dar amekuahidi bastola nne za CO2 zenye umbo la bastola ya askari, za kupiga gololi za chuma, kwa bei ya kutupa. Umeuliza pia vilengeo, risasi, viatu, na yule binti anayetumia mkono wa kushoto. Hayo yatasubiri. Sisi huku Njombe tuliuziwa hizo hizo, kwa maneno hayo hayo: haihitaji pampu, haihitaji nguvu, mtoto anaweka kimtungi cha gesi anapiga.

Kile kimtungi cha gramu 12 kina gesi ya ukaa (ndiyo hiyo CO2) iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Nguvu ya kusukuma risasi inategemea joto la siku hiyo. Kukiwa na nyuzi 20, mgandamizo wa ndani ni takribani baa 57 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Joto likishuka hadi nyuzi 10 unabaki na kama baa 45, na kwenye sifuri ni baa 35 hivi. Wewe unakaa Mbeya, Juni na Julai asubuhi unazijua. Huku kwetu kuna siku majani yanaamka meupe kwa barafu. Ni sawa na jiko la gesi linalowaka kivivu alfajiri ya baridi. Na ukipiga haraka haraka, gesi inapotanuka inanyonya joto, chuma kinapoa mkononi, risasi ya kumi haiendi mwendo wa ile ya kwanza.

Mwendo ukipungua, risasi inashuka. Kwa mita 10 inaweza kushuka milimita nane, na kwenye karatasi rasmi milimita nane ndiyo upana wa pete moja. Duara la kumi lenyewe lina kipenyo cha milimita 11.5 tu. Kwa hiyo mtoto aliyelenga sawasawa anaandikiwa tisa au nane, na mkono wake haujakosea chochote.

Hapo ndipo hasira yangu haijaisha hadi leo. Tulikuwa na binti mmoja mtulivu, jicho kali, pumzi anaishika vizuri. Alikuwa anakuja asubuhi kwa sababu mchana anasaidia dukani kwao. Risasi zake zikawa zinaangukia chini. Yule aliyetuuzia, ambaye alijitambulisha pia kama mwalimu wa shabaha, akatuambia kwa simu kwamba binti anaiogopa triga, anainamisha mkono wakati wa kuvuta. Akaagiza abadilishe ushikaji, akaze kiganja, apandishe kilengeo. Binti akatii. Akija siku ya mapumziko mchana, jua limewaka, risasi zinapaa. Akaambiwa hana msimamo. Mtoto asiye na kosa akafundishwa kutojiamini, na ile tabia ya kukaza kiganja ikamganda, maana ukishakaza kiganja kila risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Mwisho akaacha kuja.

Ukweli ulijulikana pale mwalimu wa fizikia alipoomba karatasi zote za shabaha. Bahati nzuri tulikuwa tunaandika saa kwenye kila karatasi. Akazipanga mezani, za asubuhi upande mmoja, za mchana upande wa pili. Ilikuwa watoto wote, siyo yeye peke yake: asubuhi chini, mchana juu. Tulipompelekea muuzaji picha za zile karatasi, akajibu kwamba bastola zake ni za hali ya hewa ya kawaida. Sasa hii ya kwetu siyo ya kawaida? Mtu anajua mzigo unakwenda Njombe, anapokea hela, halafu lawama anamtwisha mtoto wa miaka 14!

Na bado hujafika kwenye kutafuta hivyo vimtungi. Vya kwanza vikiisha unaagiza Dar, na mawakala wa mabasi wengi hawataki kubeba kitu chenye mgandamizo. Mashindano ya mita 10 ni risasi 60 za kuhesabiwa, ukiacha za kupasha mkono. Kimtungi kimoja kinaweza kisifike mwisho.

Gololi ni balaa lingine. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo hata siku ya joto zuri hazitui mahali pamoja. Zikigonga kitu kigumu zinarudi zilikotoka, usoni kwa mtoto. Kwa mashindano hazifai kabisa: kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinataka risasi ya milimita 4.5 ya madini laini kama ledi, tena ipakiwe moja moja, na wapigaji hutumia yenye kichwa bapa ili itoboe karatasi tundu safi linalosomeka. Muuzaji wetu alikuwa anatutumia picha za Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa mkono mfukoni aliyepata medali ya fedha Paris 2024. Ile ya Dikeç inatumia mtungi wa hewa na inapakiwa risasi moja moja. Haina undugu na hizo za gololi.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine: nguvu ya bastola itoke kwenye mkono wa mtu aliyesimama hapo uwanjani. Tafuta bastola ya kushindilia hewa kwa wenzo mara moja kwa kila risasi. Gamo Compact, Weihrauch HW 75, Baikal IZH-46M, zote ni za namna hiyo na zina mtutu wa mifereji. Kila ukivuta wenzo inaingia hewa kiasi kile kile. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo risasi itakwenda taratibu kidogo, lakini itakwenda hivyo hivyo kila mara. Unarekebisha kilengeo, basi. Usiiache imeshindiliwa muda mrefu bila kupiga, sili (mipira inayozuia hewa isivuje) zinaharibika.

Uzito uangalie. Kanuni inaruhusu hadi gramu 1500, ila hicho ni kikomo, siyo lengo. Baikal ina kama kilo moja na robo au zaidi, kwa wa miaka 12 ni mzigo, na wenzo wake mgumu. Gamo haifiki kilo. Mpe mtoto aishike mkono mmoja, umenyooka. Ukiona bega linapanda, ni nzito. Uzito wa kuvuta triga usiwe chini ya gramu 500.

Atatokea mtu akwambie basi nunua za mtungi wa hewa, kama Morini au Steyr za Olimpiki. Ni bastola nzuri mno, lakini zinajazwa hadi baa 200, na kompresa ya fundi pancha haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Ukinunua iliyotumika, soma tarehe kwenye mtungi, ukipita miaka 10 haufai. Na nakuomba kwa moyo wote, asije fundi yeyote akakujazia oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni ya mgandamizo ikikutana na grisi inalipuka, na hapo mkono wa mtoto uko sentimita chache tu.

Kuhusu polisi: nenda kituoni kabla ya kulipa, ueleze ni bastola za aina gani, zitatunzwa wapi na nani, ujibiwe kwa maandishi. Muuzaji akikwambia ni midoli isiyohitaji kibali, mwambie aandike hivyo na asaini, uone kama atasaini. Bastola yenye umbo la askari mikononi mwa kijana kwenye daladala ya Mwanjelwa ni hatari kwake.

Binti wa mkono wa kushoto, uliza mpini usio na upande au uagize wa kushoto. Usimlazimishe mpini wa kulia, kiganja kitajikunja na kila risasi itakwenda pembeni. Watoto wote wanawe mikono kabla ya kula, ledi ya hizo risasi ni sumu.

Sisi tuna Gamo na Baikal. Panda basi la asubuhi Jumamosi, uje na kijana wako aliye mdogo kuliko wote na huyo binti wa kushoto, wazishike wenyewe kabla hujatoa shilingi. Nitumie ujumbe faragha, nitakupokea stendi.