Python mbili zinagombana kwenye Ubuntu: rudisha ya mfumo kwanza

Mkuu, umesema uliweka Python 3.11 kwenye Ubuntu 22.04, tangu hapo terminali haifunguki na `apt update` (apt ndiyo programu ya Ubuntu ya kusakinisha) inaishia na `No module named 'apt_pkg'`. Chanzo ni kimoja: `/usr/bin/python3` imeelekezwa kwenye 3.11, ama kwa `update-alternatives` ama kwa `ln`, amri ya kutengeneza kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili jingine.

Ubuntu 22.04 inategemea Python 3.10. Skripti zake nyingi, hata ile inayofungua gnome-terminal, zinaanza na `#!/usr/bin/python3`. Moduli ya `apt_pkg` nayo imekompailiwa kwa ajili ya 3.10, ndiyo maana jina la faili lake lina `cpython-310`. Ukileta 3.11 mahali pake, haiwezi kuisoma.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3 ili upate skrini ya maandishi matupu, ingia kwa jina na nywila yako, kisha:

```
sudo update-alternatives --remove-all python3
sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3
sudo apt install --reinstall python3-minimal
ls -l /usr/bin/python3
```

Amri ya kwanza ikisema haina cha kuondoa, endelea tu. Ya mwisho ionyeshe mshale unaoelekea `python3.10`. Na tafadhali usijaribu `apt remove python3`. Itaondoka na nusu ya mfumo, desktop ikiwemo.

Kama bado `python3 --version` inasema 3.11, andika `type -a python3`. Ukiona `/usr/local/bin/python3` juu ya orodha, basi uliijenga kutoka sosi (msimbo wake wa awali) kwa `make install`. Folda hiyo husomwa kabla ya `/usr/bin`. Futa kiungo hicho cha `/usr/local/bin/python3`, kisha andika `hash -r`, maana bash (programu inayosoma amri zako) hukumbuka njia ya zamani. Siku nyingine tumia `sudo make altinstall`, inayoweka `python3.11` peke yake bila kugusa jina `python3`.

Upande wa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, ndiko wengi wanakoumia. `pip --version` inakuonyesha mwishoni ni ya Python ipi, na mara nyingi siyo unayodhani. Andika `python3.11 -m pip` ili usibahatishe. `sudo pip install` iache kabisa: inaweka maktaba ndani ya `/usr/local/lib/python3.10/dist-packages`, ambako zinafunika zile za apt, na skripti za mfumo zinaanza kuvunjika bila sababu inayoonekana.

Kazi zako zifanyie ndani ya venv, yaani folda yenye Python na maktaba zake peke yake:

```
sudo apt install python3.11 python3.11-venv
python3.11 -m venv ~/mradi/.venv
source ~/mradi/.venv/bin/activate
```

Humo ndani `python` ni 3.11, huku mfumo ukibaki na 3.10 yake. Ukihamia 24.04 utakuta Python ya mfumo ni 3.12, na pip nje ya venv itakataa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Usiilazimishe kwa `--break-system-packages`. Venv za zamani zifute uzitengeneze upya, ukisoma maktaba kutoka `requirements.txt`, kwa hiyo toa `pip freeze > requirements.txt` kabla hujahama.