Jibu: Mama ana miaka 54 na anasahau mno, tuanzie wapi?
Pole sana mkuu. Umeuliza kama umri huo si mdogo kwa ugonjwa wa kusahau. Unaweza kuanza hata kabla ya miaka 65. Baba yangu ulimwanza akiwa na 52, daktari wa kwanza akasema ni mawazo tu, akampa vidonge vya usingizi. Mwaka mzima ukapotea hivyo.

Kilichotuokoa ni daftari. Niliandika kila tukio na tarehe yake: siku aliponunua umeme mara tatu, siku alipopotea akirudi kutoka sokoni. Daktari alilisoma lote. Kwanza ombeni vipimo vya yale yanayotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, VVU, na aangaliwe pia sonona. Dawa zote anazomeza zipelekeni. Kisha rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu (Muhimbili wapo), apimwe kumbukumbu na apigwe picha ya MRI ya ubongo. Ulizia mapema kama bima inalipia.

Ingia naye chumbani. Baba mbele ya daktari alijibu vizuri kuliko mimi! Na ndugu wakisema karogwa, usigombane nao, we endelea na vipimo.