Muulize Fundi wa Rangi: Wafalme wanne wenye vijumba mkononi

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Bombo. Mwezi uliopita nilinunua picha Kampala, laki tatu na nusu, wafalme wanne wa Kizungu wamekaa kwenye viti vyao na kila mmoja ameshika kijumba kama mtoto aliyepewa toi. Muuzaji akasema ni nakala ya kitabu cha zamani sana, imechorwa kwa mkono, ata akanishika kidole akanipitishia juu nikasikia brashi kabisa. Sasa shemeji yangu kaja nyumbani akacheka, eti hiyo ni printa. Nani mkweli? Alafu hao wafalme ni akina nani na vijumba ni vya nini?

JIBU: Marahaba. Nianze na hao wazee kwanza maana hao hawajakudanganya. Ni wafalme wa Uingereza wa ukoo wa Wanormani, watu waliovuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka nchi mwaka 1066. Wa kwanza William mwenyewe, aliyeteka, kashika abasia (nyumba ya watawa) ya Battle, aliyoijenga palepale alipopigania vita. Wa pili mwanae William, walimuita Rufus yaani mwekundu, huyu alipigwa mshale porini akiwinda mwaka 1100 na mpaka leo watu wanabishana kama ni ajali au la. Wa tatu Henry, mdogo wake, na abasia ya Reading. Wa nne Stephen, na abasia ya Faversham. Vijumba ndo kazi zao, kila mtu anashika alichojenga. Sasa angalia Rufus, wenzake wote wameshika nyumba za Mungu, yeye kashika ukumbi, Westminster Hall, maana na watu wa kanisa hawakuwa wanapikika chungu kimoja. Na cha kuchekesha ni kwamba ukumbi wake ndo bado umesimama London na watu wanaingia, wakati abasia ya Reading imebaki magofu.

Aliyechora ni mtawa wa St Albans anaitwa Matthew Paris, aliingia utawani 1217 akafa 1259, kitabu chake cha historia ya Waingereza kiko British Library.

Haya, tuje kwa shemeji. Chukua simu, weka kamera karibu kabisa na ndevu za mfalme mmoja, zumu mpaka mwisho. Ukiona vidotidoti vya buluu, pinki na njano kama picha ya gazeti, shemeji kashinda. Rangi ya brashi haina vidoti, ina mahali imejaa na mahali imekauka, na pale brashi inapoinuka mstari unamalizika mwembamba kama mkia wa panya. Na iyo brashi uliyoisikia kwa kidole naijua vizuri kwa sababu hata mimi niliingizwa mjini hivohivo siku moja: wanaprinti kwenye kanvasi, alafu wanapaka vanishi nzito juu yake kwa brashi kubwa. Ipeleke dirishani uiinamishe mwanga upite kwa upande. Utaona mistari ya vanishi inaanzia kwenye ndevu, inavuka taji, inaingia ukutani bila kukata kona. Mtu anayechora ndevu anafuata ndevu bwana! Ikiwa ni hivyo mrudie muuzaji na iyo simu mkononi umuonyeshe, bila kelele.

SWALI: Mwanangu ako S2 hapa Busia, mwalimu wao kasema ile picha ndo sura yenyewe ya William. Kweli fundi? (Mama wa Busia)

JIBU: Hapana mama. William alikufa 1087, na Matthew anachora miaka ya 1250, hapo imepita kama miaka 165 na zaidi. Ni kama leo mtu aje aniambie fundi nichoree Kabaka Suuna, baba yake Muteesa, aliyefariki 1856. Nitamchora, nitampa mkuki na ngozi ya chui na utasema ewaa huyu kabaka kweli, lakini pua nimeitoa wapi? Kwa jirani yangu. Mwambie kijana aangalie vijumba, hivyo ndo vina habari.

SWALI: Fundi mi nachora mabango ya maduka na saluni Arua. Nimezipenda hizi picha nataka nijaribu kuzitengeneza niuze. Nitumie rangi gani na je sitashtakiwa?

JIBU: Hutashtakiwa kaka, sheria yetu ya 2006 inalinda kazi ya mchoraji maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, na huyu ameshakufa miaka mia saba na kitu. Ila nyuma andika NAKALA, jina lako na mwaka, usije ukaipaka majani ya chai ukaiita ya kale, huo ni wizi.

Rangi ya mabango iache dukani. Kazi nyingi za Matthew ni mstari wa wino kwanza, alafu rangi nyepesi ya maji inapita juu na ngozi inaonekana chini, kwa iyo ukipaka rangi ya mafuta nzito umeshamuua. Ngozi ndiyo, kurasa zao zilikuwa ngozi, wanailoweka kwenye maji ya chokaa manyoya yatoke, wanaivuta kwenye fremu na kuikwangua ikiwa bado imevutwa mpaka iwe nyembamba. Wewe nenda kwa watengeneza ngoma, wale wa Mpambire njia ya Masaka wanajulikana, uombe ngozi ya mbuzi nyembamba kuliko zote walizonazo, ukwangue tena kwa msasa alafu uisugue na unga wa chaki kutoa mafuta, la sivyo wino utakimbia kama maji kwenye jani la myugwa. Ya kuunganisha rangi ni gundi ya mgunga, ileile ya miti ya Karamoja, iloweke usiku kucha uchuje na kitambaa.

Ukitaka dhahabu, watawa walikuwa wanaweka kitanda chembamba cha chaki na gundi, kikikauka wanakipumulia kwa mdomo kupitia kibomba mpaka kipate unyevu, hapohapo wanalaza dhahabu iliyopondwa nyembamba. Zima feni kwanza, nakwambia, mi yangu iliruka mpaka kwenye chai.

Na usianze na wote wanne. Anza na Rufus peke yake, ukumbi una mistari iliyonyooka na wewe wa mabango hiyo unaiweza tayari.