Kinundu chini ya sikio: maswali yenu wiki hii

Shikamoo daktari. Mama ana miaka 48. Ana kinundu chini ya sikio la kushoto, huu mwaka wa sita. Hakiumi, na ukikigusa kinacheza. Shangazi anasema ni matubwitubwi ya utotoni.

Marahaba, mwanangu. Shangazi kakosea. Matubwitubwi huja na homa na maumivu, kisha huisha. Kinundu kinachokua polepole kwa miaka hadi kuinua ndewe mara nyingi ni uvimbe wa parotidi, ile tezi kubwa ya mate, na ulio wa kawaida kuliko yote unaitwa pleomofiki adenoma. Si saratani. Apigwe ultrasaundi, kisha avutwe seli kwa sindano nyembamba.

Leo hii mwambie afumbe macho kwa nguvu, halafu acheke. Neva ya uso hupita katikati ya tezi hiyo, na uvimbe mpole huisukuma tu bila kuiharibu. Jicho likigoma kufumba, mdomo ukienda upande, au kinundu kikianza kuuma na kukua haraka, msingoje miadi ya mwezi ujao.

Mimi nina miaka 35, nami nina uvimbe huo. Kama si saratani, kwa nini nikatwe?

Kwa sababu huweza kugeuka kuwa saratani. Ndani ya miaka 5 ya mwanzo hatari ni kama asilimia 1.5, ikipita miaka 15 hukaribia asilimia 10. Mtu wa miaka 35 kama wewe ana miaka mingi mbele yake.

Mimi nilitolewa kinundu kimoja, kikakamuliwa kama punje ya harage. Baada ya miaka minane vimerudi vinne! Nimerogwa?

Hujarogwa, ndugu yangu. Umekutana na ujanja wa uvimbe wenyewe. “Pleomofiki” maana yake wenye sura nyingi: chini ya hadubini utaona seli zilizojipanga kama vijirija, na kati yake ute, pengine na gegedu kabisa. Ukiupasua kwa kisu, upande mmoja ni mweupe na mgumu kama ncha ya mfupa wa kuku, upande wa pili unateleza kama mlenda wa bamia.

Kwa nje unaonekana una ganda zuri, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ganda hilo mahali pengine ni jembamba mno, pengine halipo, na vijisehemu vya uvimbe huchomoza kupita hapo. Ukiukamua, vijisehemu hubaki. Ukipasuka, ule mlenda humwagika na seli zake huota upya, ndiyo maana vimekuwa vinne. Siku hizi hukatwa pamoja na ukingo wa tezi yenye afya inayouzunguka, neva ikilindwa. Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu ya makovu, kwa hiyo tafuta mpasuaji aliyezoea parotidi.

Mzee wangu ni mvutaji sigara, na vinundu viko pande zote mbili.

Huo huenda ni uvimbe wa Warthin, nao si saratani. Huwapata sana wavutaji, na ni nadra kugeuka. Apimwe hata hivyo, na sigara aache.

Tangu nifanyiwe upasuaji wa tezi hiyo ya mate, nikila embe lenye pilipili shavu linatoka jasho. Naona aibu mezani.

Pole, dada. Nyuzi za neva zilizokuwa zikiamsha mate zilikatwa, zikaota upya na kuunganika na tezi za jasho za ngozi. Daktari akikupaka ayodini shavuni na kunyunyiza wanga, kisha ukatafuna ndimu, panapotoka jasho hugeuka rangi ya wino. Hapo ndipo huchomwa sindano ya botoksi, na jasho hukauka kwa miezi kadhaa.