Kabla hujampeleka mtoto kambi ya ziwani, ulizia ubao

Kiangazi mara mbili nimekuwa mlezi kwenye kambi ya watoto kando ya ziwa, New Hampshire, Marekani. Wazazi wanaonitafuta huanza na lilelile: vyumba vikoje, chakula je? Mimi huwarudisha kwenye maji.

Kambi hizi si za jana. Frederick Gunn, mwalimu wa Connecticut, aliwatoa wanafunzi wake wakalale kwenye mahema mwaka 1861. Ila ninayoipenda ni ile ya Ernest Balch, iliyoanza 1881 kisiwani kwenye ziwa Squam. Balch, naye bado kijana, alichukia kuona wavulana wa matajiri wakishinda hotelini kiangazi kizima bila kazi. Kisiwani kwake hakukuwa na watumishi: walipika wenyewe, wakaosha vyombo wenyewe. Kambi ilifungwa 1889, lakini mpaka leo nikisikia kambi inajisifu kwamba mtoto hataguswa na kazi, nacheka kimoyomoyo.

Sasa maji. Ziwa la huko linadanganya. Juu ni vuguvugu, ukishusha miguu unakuta baridi ya kukata pumzi. Ndiyo maana gatini kwetu palikuwa na ubao wa misumari, kila mtoto na kibao chake chenye jina, upande mmoja mweupe, wa pili mwekundu. Ukiingia majini unageuza, ukitoka unageuza.

Jioni moja kibao kimoja kikabaki chekundu. Filimbi ikalia, watoto wakatolewa wote. Sisi walezi tukashikana mikono, tukaingia mpaka kifuani, tukatembea polepole tukipapasa chini kwa nyayo. Yale matope laini bado nayahisi. Kila nilipokanyaga gogo moyo ulisimama. Mtoto akapatikana kitandani, anasoma kitabu. Alisahau tu kugeuza.

Kwa hiyo uliza: nani anasimamia ubao? Kila mtoto ana mwenzake wa kuogelea naye? Wanahesabiwa kila baada ya dakika ngapi? Je, siku ya kwanza wanapimwa uwezo wa kuogelea, au wanaamini tu maneno ya mzazi? (Wazazi, tunawatia chumvi sana watoto wetu.) Ukijibiwa "usijali, tuna waokoaji hodari", uliza tena.

Siku ya kumpeleka, shukeni gatini kabla ya kufungua begi, mtafute pamoja msumari wake. Wangu ulikuwa wa 14, safu ya chini. Walezi nao hugeuza.