Unaanza Uzamili au Uzamivu? Anza na Rafu ya Tasnifu

Mwanafunzi mpya wa uzamili au uzamivu akinijia kuomba ushauri, swali lake la kwanza huwa ni mada. Namwambia mada itakuja, kwanza aulize rafu ya tasnifu iko wapi. Karibu kila idara ina mahali zinapohifadhiwa kazi za waliotangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikosomea isimu, maktaba ina pia mkusanyiko wa East Africana, wenye kazi nyingi kuhusu ukanda wetu ambazo huzipati mtandaoni.

Chukua tasnifu nne au tano zilizopitishwa na idara yako miaka ya karibuni, uzisome kuanzia jalada hadi viambatisho. Tazama swali la utafiti limebanwa kiasi gani, nadharia imeingizwa sura ya ngapi, mtafiti alizungumza na watu wangapi na kwa nini hao. Utaanza kuelewa wanachokitaka walimu wa hapo, mambo ambayo mwongozo wa chuo hauyasemi. Kisha nenda sura ya mwisho, penye mapendekezo ya tafiti zijazo. Mada nyingi nzuri zimelala humo, hazijaguswa na mtu. Kazi hii hupuuzwa kwa sababu haina mhuri wala alama, lakini kwangu ndiyo iliyofanya pendekezo langu la utafiti liandikike.

Kuhusu msimamizi, shikamoo na heshima zote ni wajibu, ila usiende ofisini kwake mikono mitupu. Mtumie ukurasa mmoja siku chache kabla: umesoma nini, umekwama wapi, unaomba uamuzi gani. Mkishaachana, jioni hiyohiyo mwandikie baruapepe fupi: “Profesa, kama tulivyokubaliana leo...” na uorodheshe mliyokubaliana. Hii si kumshika mtu ulimi. Profesa ana wanafunzi wengi, vikao na mitihani ya kusahihisha. Anaweza kustaafu, kwenda likizo ya utafiti, au kuteuliwa serikalini, jambo ambalo kwetu Tanzania si geni. Msimamizi mpya akikuta barua hizo, mnaendelea pale mlipofika. Asipozikuta, huenda akakurudisha kwenye mada.

Sasa vibali, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo ninapowaona watu wenye akili nyingi wakipoteza muhula mzima. Mtu anapanga kutetea pendekezo Juni, na Julai awe uwandani. Katikati kuna ngazi ya barua. Kwa kawaida chuo hukutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa huandika kwenda wilayani au halmashauri, huko nako huandika kwa mtendaji wa kata, naye hukufikisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Utafiti wa afya unaohusu watu una kibali cha maadili, na hapo utakutana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Wa wanyamapori watapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kama umetoka nchi nyingine kuja kutafiti hapa, mlango wako ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo usidhani karatasi za Bara zitakutosha Makunduchi.

Data zangu zilikuwa Kilwa. Ukishuka kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, unafika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Masoko. Lakini ofisi ya mkoa iko Lindi mjini, mbele zaidi. Unaiona wilaya yako kupitia dirisha la basi, unaipita, unakwenda kuchukua barua, kisha unageuza. Nauli hiyo, malazi hayo na siku za kumsubiri mwenye saini viandike kwenye bajeti na ratiba tangu siku ya kwanza. Ombi la kibali liandae wakati bado unasubiri maoni ya pendekezo, ili ukipitishwa liwe tayari.

Na sizilaumu ngazi hizi. Mtendaji wa kijiji akishaisoma barua yako, anakuunganisha na mwenyekiti, mwenyekiti anakupeleka kwa wazee, na kuanzia hapo wewe ni mgeni wa kijiji. Mzee anayekaa nawe asubuhi nzima akikutajia majina ya samaki na pepo za bahari ameacha kazi yake kwa ajili yako. Ana haki ya kujua wewe ni nani, sauti yake itakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa. Mweleze kwa maneno yake, kabla ya kutoa kinasa sauti. Akisema leo hapana, muage vizuri.

Angalia pia kalenda ya watu wenyewe. Masika, Machi hadi Mei, barabara nyingi za ndani hazipitiki vizuri, na wakati wa kuvuna ufuta au korosho kule kusini hutampata mtu barazani. Mwezi wa Ramadhani, pwani, mazungumzo marefu ya mchana ni kuwachosha waliofunga.

Mengine ni ya haraka. Kama umeajiriwa, ruhusa ya masomo uwe nayo kwa maandishi. Tumia Zotero kutunza marejeo, ni programu ya bure, na uanze nayo wiki ya kwanza. Kila ulichorekodi kinakiliwe sehemu mbili usiku huohuo.

Halafu jitambulishe kwa katibu muhtasi wa idara. Yeye ndiye anayejua kikao cha kamati kinakaa lini na kazi yako inatakiwa imfikie tarehe gani. Mwombe ratiba ya semina, uhudhurie zote, hata za fani zisizo zako. Kaa na daftari, uandike maswali wanayoulizwa wenzako, na ukirudi chumbani ujaribu kuyajibu kwa utafiti wako mwenyewe.