Maswali ya wasomaji: Marekani inavyotunga na kufuta kanuni za mazingira

Maswali ya safari hii yanahusu mazingira na Serikali ya Marekani. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kila Rais mpya akiingia tunasikia "amefuta sheria za mazingira". Ni rahisi hivyo? (Msomaji, Mwanza)

Si rahisi hivyo. Vyombo vya habari huweka katika kapu moja vitu vitatu tofauti. Kuna sheria, ambayo hupitishwa na Bunge. Kuna kanuni, inayotungwa na taasisi ya serikali ili sheria itekelezeke. Na kuna agizo la Rais. Agizo hufutwa na Rais anayefuata kwa saini tu. Sheria haifutwi ila na Bunge lenyewe.

Vita vya kila siku viko kwenye kanuni. Sheria ya Hewa Safi ya 1970, kwa mfano, inataka viwango vya uchafuzi vilinde afya ya umma, lakini kazi ya kupanga viwango hivyo imeliachia Shirika la Kulinda Mazingira, EPA. Shirika likitaka kuweka kanuni, hutangaza pendekezo katika gazeti rasmi la serikali, hupokea maoni ya umma, hujibu hoja nzito, kisha hutoa kanuni pamoja na sababu zake. Utaratibu huo mzizi wake ni sheria ya 1946. Likitaka kuifuta, hurudi kupita njia ileile, na mara nyingi kazi hiyo huchukua zaidi ya mwaka. Sababu zikiwa dhaifu, mahakama huitupa kanuni mpya na ya zamani hubaki. Njia ya mkato ni sheria ya 1996 inayoliruhusu Bunge kuua kanuni iliyotoka karibuni kwa kura za kawaida na saini ya Rais.

Tofauti hii inaonekana vizuri kwenye mikataba ya kimataifa. Obama aliiingiza Marekani katika Mkataba wa Paris, wa kupambana na mabadiliko ya tabianchi, bila kura ya Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge. Trump akaitoa, Biden akairudisha 2021, na Januari 2025 Trump akasaini agizo la kuitoa tena. Lakini nyongeza ya Itifaki ya Montreal (mkataba wa kulinda tabaka la ozoni) iliyokubaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, ya kupunguza gesi za majokofu na viyoyozi zinazoongeza joto duniani, iliridhiwa na Seneti Septemba 2022 kwa kura 69 dhidi ya 27, na Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya ndani tangu 2020. Kuitengua sheria hiyo ya ndani kunahitaji zaidi ya kalamu ya mtu mmoja. Kwa hiyo ukisoma kwamba Marekani "imeamua" jambo la mazingira, uliza kwanza: nani ameamua, na kwa chombo gani?

Ni kweli mto uliwahi kuwaka moto? (Msomaji, Kisumu)

Ni kweli. Mto Cuyahoga, mjini Cleveland, uliwaka Juni 1969 kwa sababu ya mafuta na taka za viwanda zilizokuwa zikielea juu yake. Moto ule ulizimwa haraka, na haukuwa wa kwanza: ule wa 1952 ulikuwa mkubwa zaidi. Kilichobadilika 1969 ni subira ya wananchi. Mwaka huohuo mafuta yalikuwa yamemwagika baharini Santa Barbara, California. Aprili 1970 mamilioni ya watu walishiriki Siku ya Dunia ya kwanza, na Desemba EPA ikaanza kazi chini ya Rais Nixon. Nixon huyohuyo aliikataa Sheria ya Maji Safi mwaka 1972 akisema gharama yake ni kubwa mno. Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake kwa theluthi mbili za kura, wabunge wa vyama vyote viwili wakiwemo.

EPA ndiyo inayokagua kila kiwanda? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Vibali na ukaguzi mwingi hufanywa na majimbo, EPA ikiwa juu yao kama msimamizi. Mpango huu unasogeza kazi karibu na wananchi, lakini una pengo la hatari. Flint, Michigan, ilibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014, wakati mji ukiendeshwa na meneja aliyeteuliwa na jimbo. Maji mapya hayakutiwa dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu, hivyo madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia katika maji ya kunywa. EPA haikutoa amri ya dharura hadi Januari 2016. Watoto walikuwa wameyanywa maji hayo kwa karibu mwaka mmoja na nusu, na hilo halina utetezi.

Mahakama zina nguvu gani? (Msomaji, Zanzibar)

Kubwa, na zinaongezeka. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu iliamua kwamba gesi zinazoongeza joto duniani zinaingia katika maana ya uchafuzi wa hewa kisheria. Mwaka 2022 ikaibana EPA isibadilishe mfumo mzima wa uzalishaji umeme bila ruhusa ya wazi ya Bunge. Na 2024 ikafuta msimamo wake wenyewe wa miaka 40 uliowataka majaji wafuate tafsiri ya taasisi ya serikali pale sheria inapokuwa na utata. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mzito kuliko yote matatu, maana Bunge linatunga sheria mpya za mazingira kwa nadra sana, na sasa utata wa zile za zamani utaamuliwa na majaji, si wanasayansi.

Mwananchi naye ana mlango wake. Sheria kadhaa humruhusu kumshtaki mchafuzi, au EPA yenyewe ikikwepa wajibu wake, mara nyingi baada ya notisi ya siku 60.

Tumepanga nyumba ya zamani huku Ohio na tuna mtoto mdogo. Tuna haki gani? (Msomaji aliyetoka Kongo)

Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Kama nyumba yenu ni ya kabla ya hapo, mwenye nyumba anatakiwa, kabla hamjasaini mkataba, awaambie anachojua kuhusu rangi hiyo na awape kijitabu cha maelezo cha serikali. Sheria hiyo ya taifa haimlazimu kupima, kwa hiyo ukimya wake usiwatulize. Rangi ikibanduka, msiikwangue wala kuifagia ikiwa kavu. Futeni vumbi kwa kitambaa chenye maji, hasa madirishani. Mwombeni daktari ampime mtoto damu. Akiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kipimo hicho ni haki yake akifika miezi 12 na tena miezi 24, na kliniki haipaswi kuwatoza.